Sahihi ya Aliyelala

Saa nne asubuhi, jua limekwisha kufika katikati ya kitanda, na Jogoo amelala chali macho yamemtoka, anahesabu mbao za dari kwa mara ya tatu. Mara ya kwanza alipata kumi na tisa. Mara ya pili kumi na nane. Mtu aliyeshiba usingizi hakosani na dari yake mwenyewe, lakini hii ilikuwa siku ya tatu Jogoo hajapata hata lepe.

Msishangae kwamba mtu mzima alitaka kulala saa nne asubuhi. Kwa miaka ishirini na miwili huo ndio uliokuwa usiku wake. Kazi yake ilikuwa kuamsha watu. Pale stesheni, nyuma ya karakana, kulikuwa na nyumba ya mapumziko ya madereva wa treni: korido moja, vyumba kumi na viwili, jiko, na meza ndefu ya chai. Dereva aliyefika jioni na treni yake alilala humo, na saa yake ya kuondoka ikikaribia Jogoo alimwendea chumbani akamwamsha. Ndiyo maana wakamwita Jogoo, na jina alilopewa na wazazi likabaki kwenye karatasi za mshahara tu. Vijana walipenda kumtania: "Mzee, hujawasikia wahenga? Usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe!" Naye huwajibu, "Na nilale basi, lakini wewe saini kwanza."

Wengi hudhani kuamsha ni kazi ya mdomo: piga kelele, mtu ataamka. Hao hawajawahi kuamsha mtu ila watoto wao siku za shule. Jogoo alijua kwamba kila mtu ana mlango wake wa kutokea usingizini. Kulikuwa na dereva mmoja mnene, ukimgusa bega anarusha ngumi kabla hajafungua macho. Huyo unamwitia miguuni. Mwingine humwashii taa, unampa bilauri ya maji ashike, ubaridi ndio unaomleta. Mmoja hakuwahi kuamshwa hata siku moja: ukifungua mlango unamkuta amekaa kitandani na viatu miguuni, anakutazama kwa huruma kana kwamba wewe ndiye uliyechelewa. Na kulikuwa na Mrefu. Huyu alikuwa dereva wa miaka kama thelathini na minane, na miguu yake ilipita mwisho wa kitanda cha shirika, kwa hiyo Jogoo alimbana kidole gumba cha mguu, akamwita mara moja, basi. Mrefu aliamka bila maneno mengi, akavaa, akanywa chai, akaenda zake.

Dereva akishaamka husaini daftari. Kanuni iliandikwa kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa korido: ALIYESAINI AMEAMKA. Lakini kabla ya kutoa kalamu Jogoo alikuwa na swali lake mwenyewe, ambalo halikuandikwa mahali popote. "Unakwenda wapi leo?" Akitajiwa stesheni au namba ya treni, anatoa kalamu. Akijibiwa upuuzi, anabana kidole tena.

Sasa sikilizeni lililomnyima usingizi.

Ilikuwa Jumatatu, saa kumi alfajiri. Hakuna saa mbaya kama hiyo. Hata uuzoeshe mwili usiku kwa miaka ishirini, ikifika saa kumi unashuka wenyewe: viganja vinapoa, kope zinakuwa nzito, na akili inakubali jambo lolote ilimradi iachwe ipumzike. Jogoo aliingia chumba namba saba akambana Mrefu kidole. Mrefu akaketi, macho wazi. "Nimeamka, mzee," akasema. Jogoo akamuuliza, "Unakwenda wapi leo?" Mrefu akacheka, kicheko chepesi ambacho Jogoo hakuwahi kukisikia kwake, akajibu, "Subiri mama, nafunga kamba za viatu, nakuja." Kisha akanyoosha mkono, akachukua kalamu na kusaini, kwenye mstari wake, vizuri kabisa.

Jogoo alisikia. Hapo ndipo penye shina la maneno yote haya. Alisikia kila neno, akajua kwamba huyu hajaamka, kwamba aliyekaa mbele yake ni mkono na macho tu, mwenyewe yuko mbali. Alisimama pale kama dakika nzima na daftari lake. Halafu akatoka, akarudi kwenye kiti chake karibu na jiko, na hapo hapo usingizi ukambeba.

Treni ya Mrefu, mabehewa ishirini ya saruji, ilikuwa iondoke saa kumi na moja na nusu. Saa kumi na mbili kasorobo gadi wa treni hiyo, mtu asiye na subira hata na uji wa moto, aliingia akifoka kwa sauti iliyomwamsha Jogoo kitini pamoja na nusu ya korido. Mrefu akakutwa amelala fofofo. Mguu wa kulia umevaa kiatu, kamba zimefungwa fundo mara mbili. Wa kushoto mtupu. Mpaka dereva mwingine apatikane, ilikuwa saa moja na robo, na treni ya abiria iliyokuwa inafuata nyuma ilisimama porini muda wote huo, watu mia tatu ndani yake wakitukana hadi wakachoka.

Daftari lilisema waziwazi: saa kumi kamili, ameamshwa, sahihi. Basi kosa ni la dereva. Aliamshwa, akaamka, akasaini, akarudi kulala kwa ukaidi wake. Kosa hilo halina onyo, ni kufukuzwa kazi. Kikao kiliwekwa Ijumaa saa tatu asubuhi. Hakuna aliyemuuliza Jogoo chochote. Aliambiwa tu alete daftari. Na yeye Jogoo alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu.

Usiku aliendelea kwenda kazini, na kule akawa kero. Aliwatikisa madereva mara tatu tatu. Swali moja likawa matano. Alimuuliza yule mnene jina la mkewe, mnene akababaika, na alikuwa macho kabisa. "Mzee, unanitafutia talaka saa tisa ya usiku?" akalalamika. Korido nzima ikacheka. Jogoo hakucheka. Asubuhi alirudi nyumbani, akala, akajitupa kitandani, na hapo mateso yakaanza. Alilalia ubavu wa kulia, moyo ukadunda kwenye sikio. Akageukia kushoto, bega likauma. Akavua shuka, akasikia baridi. Akajifunika, jasho likamtoka. Akikaribia kuzama tu, mguu unaruka wenyewe kama aliyekosa ngazi, na macho hayo, wazi.

Mkewe alikuwa fundi wa cherehani, na cherehani yake ilikaa sebuleni, ukuta mmoja na kitanda. Kwa miaka yote hiyo Jogoo alilala mlio wake ukimwendea masikioni. Sasa mama wa watu alipoona mumewe anagaagaa, akaiacha cherehani kwa huruma, akawa anashona kwa mkono. Nyumba ikawa kimya. Kimya hicho kilimzidishia balaa, maana ndani yake alisikia vizuri zaidi: subiri mama, nafunga kamba za viatu, nakuja.

Jumatano hiyo hiyo ya kuhesabu mbao, saa nane mchana, hodi ikapigwa. Alikuwa Mrefu. Aliinama kupita mlangoni, akaketi kwenye kiti kifupi magoti yakamfika kifuani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mama watoto, tuletee chai."

Mrefu alipokea kikombe, hakukinywa. Alikuwa amekonda katika siku tatu. "Sikuja kukulaumu, mzee. Nimekuja kuuliza tu. Kweli niliamka?"

Jogoo aliitazama chai yake. "Ulisaini," akasema.

"Najua nilisaini. Walinionyesha. Sahihi ni yangu mpaka ule mkia wa mwisho. Lakini sikumbuki kitu, mzee wangu. Nimejitafuta tangu nilipozima taa saa tatu usiku mpaka gadi alipoanza kunifokea, hamna. Kama ukurasa umechanwa. Na hicho kiatu nilikivaa saa ngapi? Mke wangu ananitazama siku hizi kama mtu anayeweza kuamka usiku akamkaba."

"Usingizi una mambo yake," Jogoo akasema, akajichukia kwa kusema hivyo.

"Tangu nimzike mama silali vizuri, labda ni hilo. Miezi miwili sasa. Alipokata roho nilikuwa njiani na treni, waliniambia nilipofika, nikageuza, nikamkuta tayari." Mrefu alikizungusha kikombe. "Unajua kinachoniuma? Dada yangu kamwota mama mara nne. Shemeji kamwota. Hata jirani yake ambaye hawakuwa wakisalimiana, kamwota amekuja kumrudishia sufuria. Mimi mwanawe wa pekee wa kiume, hata mara moja. Nalala namwomba, mama njoo basi, hata unigombeze. Wapi."

Chai ilimpalia Jogoo. Alikohoa hadi machozi yakamtoka, mkewe akaja kumpiga mgongo, Mrefu akasimama kwa wasiwasi. Katika vurumai hiyo neno lililokuwa limefika kooni likarudi tumboni. Alipopata pumzi alisema tu, "Atakuja." Mrefu akashukuru, akainama tena mlangoni, akaenda zake. Na Jogoo akabaki kwenye kiti, hakurudi kitandani, maana sasa alijua kwamba hakuficha kosa tu. Alikuwa amekalia kitu cha mtu.

Alhamisi mchana usingizi ulimjia, kama hiyo inaitwa usingizi. Ulikuwa wa mang'amung'amu, nusu yuko nusu hayuko. Akaota yuko kwenye korido anagonga milango, na kila mlango unafunguka mtu anasaini na kufunga. Akafika mwisho, akakuta mlango wa nyumba yake mwenyewe. Akagonga. Mkewe akajibu kutoka ndani, bila kufungua: "Ameshasaini huyo." Akagonga kwa nguvu zaidi, akapiga kelele kwamba hajaamka, jamani, hajaamka. Sauti ikarudia vilevile, bila hasira: "Ameshasaini huyo."

Aliamka shati limelowa. Akatoka sebuleni alivyo. Mkewe alikuwa anapinda gauni kwa mkono, sindano mdomoni. Jogoo akaketi sakafuni, mtu mzima wa miaka hamsini na minane, akamweleza yote: kidole, swali, kicheko, maneno ya Mrefu, kiti cha jikoni. Hakubakiza kitu.

Mkewe alitoa sindano mdomoni.

"Kwa hiyo siku zote hizi nimenyamazisha cherehani, nguo za watu zimelala, kumbe wewe huumwi kelele. Unaumwa ulimi."

"Nikisema watanifukuza."

"Watakufukuza."

"Miaka miwili, mama watoto. Miwili tu."

"Najua kuhesabu." Alichoma sindano kwenye kitambaa, akaivuta taratibu. "Baba watoto, mimi na wewe tumelala kwa zamu tangu kifungua mimba wetu ananyonya. Wewe ukiingia, mimi natoka. Sijawahi kukusemesha saa kumi ya usiku, sijui hata unaota nini. Nilivumilia kwa sababu nilijua huko uliko unafanya kazi ya watu. Sasa niambie. Unataka nikulaze au nikuamshe?"

Jogoo aliokota uzi sakafuni, akauzungushia kidole.

"Basi nitakuamsha. Unakwenda wapi kesho?"

Lilikuwa swali lake mwenyewe, na hakuwahi kuulizwa na mtu. Likampata. "Kwenye kikao," akasema.

"Kufanya nini?"

"Kusema."

"Haya," mkewe akasema, akarudia gauni lake. "Sasa umeamka."

Ofisi ya mkuu wa uendeshaji ilikuwa ghorofani, na mkuu mwenyewe madereva walimwita Bwana Ratiba. Alikuwa na saa ukutani, saa mezani na saa mkononi, na alijua kwa moyo ratiba ya treni zilizokwisha futwa zamani. Zamani hizo aliendesha treni yeye mwenyewe, kabla kitambi na tai havijampeleka ghorofani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kanuni, na mtu wa kanuni akikosea hukosea kwa unyoofu. Kando yake alikaa karani wa kuandika, msichana mwenye kalamu tatu. Mrefu alikaa upande wa pili, mikono katikati ya magoti.

"Hili halitachukua muda," Bwana Ratiba alisema, akalifungua daftari. "Saa kumi kamili. Ameamshwa. Sahihi. Hii ni sahihi yako?"

"Ni yangu, Bwana Mkubwa," Mrefu akasema.

"Una la kusema?"

"Sikumbuki. Nikisema neno lingine nitakuwa natunga."

Bwana Ratiba akachukua kalamu. Alikuwa na fomu imejazwa tayari, imebaki mstari wa chini tu. Jogoo aliiona fomu, akaiona kalamu ikishuka. Akapiga moyo konde. "Bwana Mkubwa, huyu hakuamka."

Kalamu ikasimama hewani. "Umeandika mwenyewe ameamshwa."

"Kuamshwa aliamshwa. Hakuamka. Nilimuuliza swali langu, akanijibu neno lisilohusu treni. Nikajua amelala. Nikampokea sahihi, nikatoka, nikaenda kukaa, na mimi nikalala. Mpaka gadi alipokuja."

Mrefu aliinua kichwa. Karani aliacha kuandika.

"Neno gani alikujibu?" Bwana Ratiba akauliza.

"La kwake mwenyewe. Si la ofisi."

"Mzee Jogoo." Bwana Ratiba alikohoa. "Unajua unachosema? Mtu akae, afungue macho, aseme, achukue kalamu, asaini kwenye mstari, halafu uniambie amelala? Kanuni iko wazi. Aliyesaini ameamka."

Hapo Jogoo akachemka. Ilikuwa siku ya tano, na mtu wa siku tano hana breki. "Kanuni hiyo aliiandika mtu aliyelala kwake! Miaka ishirini na miwili nimeamsha watu. Mtu haamki mara moja kama taa. Mkono huamka kwanza, halafu macho, halafu mdomo. Mwenyewe huja wa mwisho, na kuna siku haji kabisa, unabaki unazungumza na nyumba isiyo na mtu. Wewe mwenyewe, Bwana Mkubwa. Nilikuamsha miaka minne, chumba namba tatu. Ulikuwa unasaini kwenye mto."

Bwana Ratiba aliweka kalamu mezani.

"Kwenye nini?"

"Kwenye mto. Nakupa kalamu, unageuka, unasaini foronya, unaniambia asante, unalala. Dobi alilalamika wino hautoki. Foronya mbili tulizitupa. Sikumwambia mtu, na leo nisingesema." Jogoo alihema. "Lakini wewe nilikutikisa mpaka ukarudi. Kila mara. Sikukuacha hata siku moja, ndiyo maana leo umekaa hapo. Huyu nilimwacha. Tofauti yenu ni hiyo tu, na tofauti hiyo ni yangu mimi, si yake."

Bwana Ratiba alikuwa amewiva masikio. Alizitazama saa zake, ya ukutani, ya mezani, ya mkononi. "Hilo la mto usiandike," alimwambia karani. Karani akafuta, ila alikuwa amekwisha cheka.

"Kwa nini ulimwacha?" Bwana Ratiba akauliza, safari hii taratibu, kama mtu anayetaka kujua kweli.

Jogoo alimtazama Mrefu, akaitazama ile fomu. "Usingizi ulinizidi," akasema. Ilikuwa kweli. Haikuwa kweli yote, lakini nyingine haikuwa ya kusemwa mbele ya kalamu tatu.

Uamuzi ulitoka kabla ya saa sita. Mrefu apimwe na daktari, apewe wiki mbili za mapumziko, arudi kwenye injini yake. Jogoo akabidhi daftari na funguo siku hiyo hiyo, asubiri barua, na barua yenyewe kila mtu alijua itasema nini. Kuhusu madereva, watawekewa kengele za umeme vyumbani. Liwike lisiwike kutakucha, nani asiyejua hilo; lakini kengele haitajua nani anarusha ngumi na nani apewe maji ashike, na Jogoo aliposhuka zile ngazi hilo lilimuuma kuliko barua.

Alifika nyumbani mkewe yuko mlangoni. Hakumuuliza kitu, alimtazama uso tu.

"Shona," Jogoo akasema. "Shona kwa cherehani. Nataka kulala."

Akalala na suruali yake. Cherehani ilianza upande wa pili wa ukuta, ikakimbia, ikasimama, ikakimbia, na kabla haijamaliza upindo mmoja Jogoo alikuwa amekwenda. Alilala usingizi wa pono, mchana ukaisha. Usiku mkewe aliingia kitandani taratibu, naye aligeuka tu, akampa nafasi. Asubuhi ikaja akalala, adhuhuri akalala. Alipofungua macho ilikuwa Jumamosi saa tisa alasiri, mbao za dari zilikuwa kumi na tisa, na sebuleni kulikuwa na mtu anazungumza kwa kunong'ona.

Alikuwa Mrefu. "Amekaa hapo tangu saa tano," mkewe akasema. "Nikataka kukuamsha akanikataza. Anasema hathubutu."

Mkewe akaenda kuchemsha chai. Jogoo akaketi akipikicha macho. Mrefu alikuwa na maneno ya shukrani aliyoyapanga njiani, ilionekana, lakini yote yakampotea.

"Mzee. Lile neno hukulisema jana."

"Halikuwa la wale."

"Ni langu?"

"Ni lako. Nilipaswa kukupa Jumatano, ulipokaa hapo hapo. Nilikuibia siku tatu, unisamehe." Jogoo akasogeza kiti karibu. "Nilikuuliza unakwenda wapi leo. Ukacheka. Ukasema, subiri mama, nafunga kamba za viatu, nakuja."

Mrefu aliinama. Alitazama viatu vyake, vyote viwili.

"Mama hakuwa mtu wa kusubiri," alisema. "Nilikuwa mzito kufunga kamba. Yeye amekwisha shika njia zamani, namfuata mbio nalia, kamba zinaburuta. Kila asubuhi ya Mungu." Alijifuta uso kwa kiganja. "Na nilikuwa nacheka?"

"Ulikuwa unacheka."

"Alinisubiri?"

Siku tano Jogoo alijiita mvivu, na uvivu ulikuwemo, hakutaka kuukana. Lakini kulikuwa na ile dakika.

"Mimi sikumwona, mwanangu. Nilikuona wewe. Ulikuwa unatazama nyuma yangu, mlangoni, na hukuwa na haraka hata kidogo. Ilinipasa kubana kidole tena. Nilikishika. Nikashindwa." Alinyoosha mikono kama mtu anayeonyesha kipimo cha mlango. "Nikatoka upandeupande nisije nikamkanyaga, nikafunga mlango taratibu, nikawaacha."